Jumamosi ya Salongo

Jumamosi asubuhi mjini Goma, maduka hayafunguki mapema. Watu hutoka kwanza na mafagio, makoleo na majembe, wakazibua mitaro na kuzoa takataka juu ya mawe meusi ambayo mlima Nyiragongo uliyamwaga katikati ya mji mwaka 2002. Kazi hiyo huitwa salongo. Waasi wa M23 walipouteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025, hawakuchelewa kuihimiza. Na huko Kinshasa, kwa serikali inayopigana nao, wakuu wa mkoa nao wamekuwa wakiwatangazia raia salongo ya Jumamosi. Pande hizi mbili hazikubaliani juu ya jeshi, madini, mpaka wala nani mzalendo. Juu ya Jumamosi ya raia zinakubaliana.

Kufagia mtaa si dhuluma. Rwanda wana umuganda wao kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Tanzania ina siku yake ya usafi, na Wapare na Wasambaa walijua kazi ya msaragambo kabla ya serikali yoyote kuwaamrisha. Lakini katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, jina hilohilo la salongo limebeba kazi za namna nyingine: kupanua barabara ili malori ya madini yapite, kukata miti na kujenga vibanda vya askari, kupandisha risasi na unga milimani, kuchimba mawe kutwa kwa faida ya kamanda. Asiyekwenda hutozwa faini. Asiye na pesa ya faini hulala kasho, yaani mahabusu. Kundi la Wataalamu la Umoja wa Mataifa, linaloifuatilia Kongo tangu 2004, limeziandika habari hizi mara nyingi katika ripoti zake, kwa kawaida katika aya chache zilizobanwa kati ya habari za mauaji na za magendo ya dhahabu.

Ni haki mauaji yatangulie. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti yenye kurasa zaidi ya 550 iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003, na hakuna aliyeisoma akabaki na usingizi wake. Ila iko dhuluma nyingine isiyopata kichwa cha habari kwa sababu siku inapotendeka huenda asife mtu: kunyang'anywa siku. Mkulima anaamka akiwa na nia ya kupalilia maharage, jioni anarudi mgongo ukiuma, na maharage yako vilevile. Dhuluma hii ni kongwe kuliko kila jeshi lililopo Kivu leo. Kila jeshi limeikuta pale, likaitumia.

Chanzo chake kimo katika mizigo. Katika sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo hapakuwa na punda wala ng'ombe wa kukokota, kwa kuwa mbung'o aliwamaliza. Kila kilichosafiri nchi kavu kilisafiri kichwani au begani mwa mtu. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika hadi Nyangwe na Kasongo, kule Maniema. Wapagazi wa Kinyamwezi walifanya kazi hiyo kwa ujira na walijua kugoma ujira ukipunjwa. Wengine hawakuwa na la kugomea: walikuwa mateka, na pembe za ndovu walizobeba ziliuzwa pamoja nao au mbele yao. Bwana mkubwa wa njia hiyo alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi wa Unguja, Tippu Tip, aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili bila kuona haya juu ya biashara yake. Kiswahili kilifika Maniema kwa misafara ileile.

Mwaka 1887 Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyekuwa akiimiliki Kongo, kupitia kwa mpelelezi Stanley, alimfanya Tippu Tip kuwa wali wake huko Stanley Falls, Kisangani ya leo. Miaka mitano baadaye Leopold alikuwa akipigana na wenzake na wana wa Tippu Tip huyohuyo. Vita vya 1892 hadi 1894 vilivyoangusha Nyangwe na Kasongo vilielezwa Ulaya kuwa vita vya kukomesha utumwa. Utumwa ulikuwepo kweli, na ukatili wake ulikuwa wa kweli. Lakini washindi walihitaji wapagazi, wapiga makasia, wakata kuni za meli na walishaji wa askari, na hawakuwa na mpango wa kuwalipa. Serikali ambayo watu waliiita Bula Matari iliwachukua watu walewale, ikawapakia mizigo ileile.

Habari za mpira wa Leopold zinajulikana zaidi kwa upande wa Equateur na Kasai: mateka wanawake waliofungwa hadi waume zao walete kilo zilizodaiwa, mikono iliyokatwa, kiboko cha ngozi kilichochana migongo. Jambo lisilosemwa sana ni kwamba mfumo ule ulipewa sura ya sheria. Amri ya mwaka 1903 ilisema kila mtu mzima alipe kodi kwa kufanya kazi saa 40 kwa mwezi. Karatasini ilionekana kama nafuu, maana saa 40 hazifiki hata wiki moja ya kazi ya karani wa Brussels. Msituni hapakuwa na saa ya ukutani. Walichopima maafisa ni mpira, chikwangwe (mikate ya muhogo) na samaki, na mtu aliweza kumaliza sehemu kubwa ya mwezi akitafuta kiasi kilichoandikwa. Mwaka huohuo balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, alipanda mto akasikiliza watu. Ripoti yake ikatoka 1904. Leopold akaunda tume yake mwenyewe, akitarajia imsafishe, nayo ikarudi na maneno yanayofanana na ya Casement. Mwaka 1908 alilazimika kuiachia Ubelgiji koloni lake.

Bendera ilibadilika. Siku za watu ziliendelea kuchukuliwa.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoingia Afrika Mashariki, jeshi la koloni, Force Publique, lilivuka kutoka Kivu na Ruanda hadi likaitwaa Tabora kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916. Ushindi huo Wabelgiji waliuimba miaka mingi, na baadhi ya barabara zao ziliitwa Tabora. Nyuma ya kila askari walikuwepo wapagazi kadhaa, na jumla ya wapagazi wa Kongo walioingizwa katika vita hivyo inapita 200,000. Upande wa Waingereza mambo hayakuwa mema zaidi. Kariakoo ya Dar es Salaam ni kambi ya wapagazi wa jeshi iliyogeuka soko. Wapagazi walikufa zaidi kwa kuhara, njaa na baridi ya milimani kuliko kwa risasi. Wengi hawakuandikwa majina.

Mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, serikali ya koloni ilitunga sheria ya kilimo cha lazima. Kila mwanamume kijijini alipangiwa shamba la zao ambalo serikali ililitaka, pamba hasa, na siku za mwaka za kulihudumia. Baadaye zikawekewa kikomo cha siku 60. Bei ya pamba hakuipanga mkulima, na kampuni ya kununua ilikuwa moja tu kwa kila eneo, kwa hiyo hakuwa hata na uhuru wa kukataa kuuza. Kapita, yaani msimamizi, alipita kukagua. Shamba likiwa na magugu, mwenye shamba alikwenda kasho, na ndani ya kasho kiboko kilimngoja. Katika bonde la Ruzizi na Maniema wazee walikua wakijua kalenda mbili, ya mvua na ya kapita.

Kivu yenyewe Wabelgiji waliipenda kwa sababu nyingine. Hali yake ya hewa baridi iliwafaa walowezi, na ardhi ya volkano ilikubali kahawa, chai na mkwinini. Kilichokosekana, kwa macho yao, ni mikono. Kuanzia 1937 waliunda mpango rasmi wa kuhamisha familia za Wanyarwanda hadi Masisi. Wengi walikubali kwa kuwa kwao kulikuwa na njaa na pia uburetwa, kazi ya bure kwa chifu ambayo Wabelgiji wenyewe walikuwa wameikaza na ambayo haikufutwa hadi 1949. Walikimbia kazi ya lazima ya upande mmoja wa ziwa Kivu wakaingia katika mashamba ya walowezi upande wa pili. Wahunde, wenyeji wa Masisi, hawakuulizwa. Atakayeutafuta mzizi wa ugomvi wa ardhi unaozitafuna familia za Masisi hadi leo asianzie 1994. Aanzie katika daftari la kuhesabu vibarua.

Kisha vikaja vita vya pili vya dunia. Washirika walitaka mpira, bati, kwinini na uranium ya Shinkolobwe, na mwaka 1942 siku za kazi ya lazima ziliongezwa kutoka 60 hadi 120. Theluthi moja ya mwaka! Watu walirudishwa msituni kutafuta mpira wa mwitu, kazi ambayo babu zao waliikumbuka kwa kutetemeka. Mapema mwaka 1944, katika misitu kati ya Masisi na Lubutu, Wakumu waliinuka chini ya Bushiri Lungundu, mfuasi wa dini ya Kitawala aliyewahubiria kwamba utawala wa wazungu umefika mwisho. Uasi huo ulizimwa kwa risasi na kwa kamba za kunyongea. Na ni mwaka huohuo wa 1944 ambapo Ubelgiji iliridhia Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, mkataba wa 1930 unaopiga marufuku kazi ya kulazimishwa. Wanahistoria hawahitaji kutia chumvi hapa.

Waziri mkuu Lumumba, katika hotuba yake ya tarehe 30 Juni 1960 mbele ya Mfalme Baudouin, aliikumbusha Brussels juu ya kazi za kuchosha zilizolipwa ujira usiotosha kula. Wenyeji wa sherehe walikasirika. Wasikilizaji waliokuwa nje ya ukumbi hawakusikia jambo jipya, ila walisikia likisemwa hadharani. Miaka mitano baadaye, huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji huo kwa niaba ya wazee waliowahi kutumika majumbani mwa wazungu. Ni kitabu kidogo chenye tahajia ya kujitungia, na hakikukusudiwa msomi yeyote. Huenda ndiyo historia ya ukoloni wa Kibelgiji iliyo karibu zaidi na sauti ya aliyefua nguo na kupika chakula cha ukoloni huo.

Yav alimaliza kitabu chake mwaka uleule ambao Mobutu aliipindua serikali, Novemba 1965.

Mobutu alijua uzito wa kumbukumbu hii, na ndiyo maana hakuirudisha kazi ya lazima kwa jina lake la zamani. Aliivalisha vazi la uhalisia wa Kiafrika. Nchi iliitwa Zaire tangu 1971, watu waliacha majina ya Kikristo, suti ikapigwa marufuku. Na katika miaka hiyohiyo, ambamo pia alizuru China ya Mao na kuvutiwa na aliyoyaona, salongo ikatangazwa kuwa wajibu wa kila mwananchi. Raia, mwalimu, mwanajeshi na waziri wote washike jembe siku moja, wajenge taifa. Redio ilipiga nyimbo zake kwa Kilingala. Mobutu mwenyewe alipigwa picha akiwa kazini.

Katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo wapo walioipokea kwa moyo. Mitaro ya Bukavu ilikuwa michafu kweli, na hoja kwamba nchi huru ijijenge kwa mikono yake haikuwa upuuzi. Tanzania ya Azimio la Arusha ilikuwa ikisema maneno yanayofanana. Tofauti ilionekana haraka. Waziri alishika jembe mbele ya kamera, mwanakijiji alilishika mwaka mzima. Kadiri chama chake cha MPR kilivyooza, salongo iligeuka chanzo cha mapato kwa komiseri wa zone na mkuu wa collectivité: asiyefika alitozwa faini, na faini haikuonekana katika kitabu chochote cha hesabu. Shamba lililopaliliwa kwa jina la taifa lilikuwa mara nyingi shamba la mkubwa. Baada ya Novemba 1973, Mobutu alipowanyang'anya wageni biashara na mashamba makubwa, mashamba mengi ya walowezi wa Kivu yaliangukia kwa watu wa karibu na serikali, na wapangaji wa Masisi wakaendelea kulipia viwanja vyao vya viazi kwa siku za kazi kwa bwana mpya aliyezaliwa jirani.

Kuna jambo moja ambalo Mobutu aliacha nyuma yake na ambalo lilidumu kuliko fedha zake zote. Alifanya kazi ya kulazimishwa ionekane kitu cha nyumbani. Kabla yake mtu aliyeburutwa kwenda kubeba mizigo alijua anadhulumiwa na mgeni. Baada yake, anayekataa ndiye aliyepaswa kujieleza: kwani wewe huipendi nchi yako?

Rwanda ya Rais Habyarimana ilikuwa na umuganda wake tangu 1974, na mwaka 1994 dunia iliona jinsi mtandao uliozoea kuwatoa watu majumbani kwa amri, kwa kilima na kwa kitongoji, ulivyoweza kuelekezwa kwenye vizuizi vya barabarani na kwenye mauaji ya kimbari, ambayo waandaaji wake waliyaita kazi. Mwezi Julai mwaka huo karibu watu milioni moja walivuka kuingia Goma katika siku chache, raia wakichanganyika na wauaji wenye silaha. Kutoka hapo vita vilihamia Kongo na havijahama. Mwaka 1996 AFDL ya Laurent Kabila ilitokea mashariki na kadogo wake, askari watoto. Mwaka 1998 vikaja vita vya pili vya Kongo. Kisha makundi yenye silaha yakafuatana: RCD, Mai-Mai wa kila bonde, FDLR, CNDP, M23 ya kwanza, na M23 ya sasa iliyoibuka tena Novemba 2021.

Makundi haya yanachukiana, lakini mengi yana sanduku moja la vifaa. Kwanza bariere. Watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi 798 katika Kivu mbili katika utafiti waliouchapisha 2017, vingine vya waasi, vingi vya jeshi la serikali na watumishi wake. Pili jetoni: kundi la NDC-R la kamanda Guidon liliwauzia watu wazima wa Walikale na Masisi kikaratasi cha kila mwezi, na aliyekutwa hana alikuwa mashakani. Tatu lala salama, kodi ambayo kaya inalipa ili isivamiwe usiku, kwa kawaida inalipwa kwa wale ambao wangeivamia. Na asiye na pesa ana mwili. Hapo ndipo salongo inapoingia, kodi ya mtu ambaye hana kingine cha kutozwa.

Katika migodi jambo hili lilikuwa na ratiba. Bisie, katika msitu wa Walikale, ulikuwa mlima wa bati uliovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na uchimbaji ulipofika kileleni maelfu ya watu waliishi juu yake bila barabara. Kila gunia lilishuka mgongoni mwa mpagazi, kilo 50 kwa mwendo mrefu wa matope hadi Njingala, kama vile karne moja ilikuwa haijapita tangu Nyangwe. Mlima ulishikwa kwanza na Mai-Mai, kisha na Brigedi ya 85 ya jeshi la taifa, ambayo askari wake walikuwa Mai-Mai walewale wakiwa na magwanda mapya, na baada ya 2009 na wapiganaji wa zamani wa CNDP waliovalishwa magwanda hayohayo. Katika migodi ya namna hii wachimbaji walipangiwa wakati wa kuchimba kwa ajili ya mwenye bunduki, na waliuita salongo. Mwezi Septemba 2010 Rais Joseph Kabila aliufunga uchimbaji wa mikono katika Kivu mbili na Maniema kwa miezi sita. Wanajeshi walibaki. Waliopoteza riziki ni wachimbaji.

Pasionekane kwamba lawama ni ya waasi peke yao. Katika operesheni ya 2009 dhidi ya FDLR, iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa, Human Rights Watch iliandika jinsi askari wa serikali walivyowakamata raia barabarani na mashambani kuwabebesha risasi na vyakula, wakiwapiga waliochoka. Walinzi na wavamizi walikuwa wakigawana migongo ya kijiji kimoja. Mwanamume aliyebebeshwa na FDLR Jumatatu aliweza Alhamisi kushtakiwa na jeshi kuwa ni mshirika wao, kwa ushahidi kwamba alionekana akiwabebea.

Rubaya, katika Masisi, ndiyo sura ya karibuni. Vilima vyake hutoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia, madini yanayoingia katika simu na kompyuta. M23 waliutwaa mji huo mwishoni mwa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi ya koltani iliwaletea si chini ya dola 800,000 kwa mwezi. Walianzisha vibali, waliweka utaratibu wa kusafirisha mzigo kuelekea mpaka wa Rwanda, na njia za malori zilipanuliwa. Wenye majembe katika upanuzi huo walikuwa wanavijiji walioitwa salongo. Rwanda inakanusha kuwaongoza M23, na M23 husema salongo ni uraia mwema. Uraia mwema una ishara moja rahisi, kwamba mtu anaweza kubaki nyumbani siku moja bila kuogopa.

Sheria haina utata mkubwa. Mkataba namba 29, ambao Kongo huru iliukubali mwaka uleule wa uhuru, unaita kazi ya kulazimishwa kazi yoyote ambayo mtu anafanyishwa kwa tishio la adhabu bila kujitolea kwa hiari. Umeacha mlango mdogo wa huduma ndogondogo za jamii, lakini kwa masharti: kazi iwe ya wanajamii wenyewe, iwafae wao moja kwa moja, na wao au wawakilishi wao wawe na haki ya kuulizwa kama inahitajika. Mtaro wa mtaani unaweza kupita katika mlango huo. Barabara ya koltani haipiti, wala gunia la risasi. Katiba ya Kongo ya 2006, katika kifungu cha 61, inasema marufuku ya utumwa haiwezi kuwekwa kando hata wakati wa hali ya hatari. Na Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, kwa hiyo kifungu hicho hakikuwa cha nadharia.

Waliojaribu kuyaandika haya kutoka ndani wamelipa. Pascal Kabungulu, katibu mtendaji wa Héritiers de la Justice, shirika la Bukavu lililowafundisha wanakijiji haki zao kwa Kiswahili, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake tarehe 31 Julai 2005. Floribert Chebeya wa Voix des Sans Voix aliitwa makao makuu ya polisi Kinshasa Juni 2010, na maiti yake ikapatikana siku iliyofuata. Vijana wa LUCHA, walioanza Goma mwaka 2012 wakidai maji na ajira, wamelala kasho chini ya serikali na wamewindwa chini ya waasi. Sehemu kubwa ya yale ambayo dunia inayajua kuhusu salongo ya bunduki ilianza katika daftari la mtu wa aina hii, aliyepanda pikipiki hadi kijijini na kumwuliza mama mmoja alibeba nini, kutoka wapi hadi wapi, na nani alikuwa nyuma yake.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague imewatia hatiani wakuu watatu kwa uhalifu wa Ituri: Thomas Lubanga mwaka 2012, Germain Katanga mwaka 2014 na Bosco Ntaganda mwaka 2019. Walihukumiwa kwa kuwaandikisha watoto jeshini, mauaji, kushambulia raia, uporaji, ubakaji na utumwa wa ngono, kila mmoja kwa sehemu yake. Oktoba 2024 mwendesha mashtaka alitangaza kuufufua uchunguzi wake na kuutazama uhalifu uliotendeka Kivu ya Kaskazini tangu Januari 2022. Mkataba wa Roma unautaja utumwa miongoni mwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na maelezo yake yanakiri kwamba kumtoza mtu kazi ya kulazimishwa kunaweza kuwa sehemu yake. Katika hukumu zile tatu hakuna mtu aliyepatikana na hatia kwa mgongo wa mpagazi.

Wanaokusanya ushahidi sasa hivi wana nafasi ya kuuliza swali hilo mapema: nani aliitisha, nani aliorodhesha, faini ilikwenda kwa nani, lori lililopita juu ya barabara ile lilikuwa la nani. Majibu yako Masisi, Rutshuru na Walikale, kwa watu walio hai na wanaokumbuka hata majina ya waliowahesabu.